Kuingia mtihani na hofu yako: tiba ya kukubali na wanafunzi wetu wa vyuo vikuu

Kila mara sesheni ya mitihani inapokaribia, wachungaji wa Goma, Bukavu, Butembo na Uvira hupokea wageni wa namna moja. Ni wanafunzi wa chuo kikuu, wengi wao wa mwaka wa kwanza, wanaokuja kuomba maombi. Hawasemi kwamba ni wagonjwa. Wanasema wana mawazo mengi, usingizi umepotea, moyo unadunda wakifungua daftari, mikono inatetemeka asistenti akianza kuita majina. Mmoja husoma usiku kucha kwa mwanga wa simu, na asubuhi hakumbuki neno. Mwingine hufika mpaka mlango wa oditwari kisha hurudi nyumbani. Mwingine bado hajamwambia baba yake kwamba alikosa mtihani, na baba ndiye aliyeuza ng'ombe ili minervali ilipwe.

Tunaomba pamoja nao, tukimsihi Bwana aondoe hofu hiyo. Maombi hayo ni ya haki na hatuna nia ya kuyaacha. Lakini kijana anapoaga kwenda zake, linabaki swali moja: kama hofu haijaondoka Jumatatu saa mbili asubuhi, afanye nini? Akae nyumbani mpaka iishe, au aende nayo? Watu wengi katika makanisa yetu wangejibu haraka kwamba imani ya kweli haikai pamoja na hofu. Jibu hilo limewafungia vijana wengi ndani ya vyumba vyao, kwa maana sasa wanabeba mizigo miwili: hofu yenyewe, na aibu ya kuwa na hofu.

Kuna njia ya tiba inayojibu swali hilo kwa uwazi. Kwa Kifaransa na Kiingereza jina lake laweza kutafsiriwa «tiba ya kukubali na kujitoa». Tunataka kuieleza hapa, kwa sababu inaweza kutumika katika kikundi cha vijana cha parokia, na kwa sababu inagusa mambo ambayo Maandiko yanayasema tangu zamani.

Hofu yenye sababu

Kwanza tuseme wazi kwamba vijana hawa hawajatunga hofu yao. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye watu wa Goma walitakiwa kuhama. Mwezi wa kwanza 2025 vita vilifika ndani ya Goma, mwezi wa pili vikafika Bukavu, benki zikafungwa, na wazazi walioko vijijini hawakujua watume pesa kwa njia gani. Ongeza kodi ya chumba, Kifaransa cha mtihani wa mdomo mbele ya profesa, na ukoo mzima unaongoja diploma moja. Mwili unaotetemeka katika hali kama hiyo unafanya kazi ambayo Muumba aliupa, yaani kuonya juu ya hatari. Shida inaanza pale onyo linapogeuka kuwa mkuu wa nyumba, likaamua nani atoke na nani abaki.

Aliyeanzisha tiba hii ni Steven C. Hayes, mwalimu wa saikolojia huko Marekani. Mwaka 1978, akiwa bado mwalimu kijana, alipatwa na hofu kali katikati ya mkutano wa walimu wenzake. Alitaka kusema, akafungua kinywa, sauti haikutoka. Baada ya hapo alijitahidi kwa kila njia hofu isirudi tena, na kadiri alivyojitahidi ndivyo ilivyorudi kwa nguvu. Kutokana na hayo, na kutokana na utafiti wa miaka mingi, yeye na wenzake walijenga tiba hii kuanzia miaka ya 1980. Kitabu chao cha kwanza juu yake, alichokiandika pamoja na Kirk Strosahl na Kelly Wilson, kilitoka mwaka 1999.

Kwa nini kuifukuza hofu kunaiongeza? Mwaka 1987 mtafiti mwingine Mmarekani, Daniel Wegner, alitangaza jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifanya nyumbani. Aliwaambia wanafunzi wa chuo kikuu wakae dakika tano bila kumfikiri dubu mweupe, na wapige kengele kila anapowajia kichwani. Kengele zililia. Tena, walipopewa ruhusa ya kumfikiri, walimfikiri kuliko wale waliokuwa na ruhusa tangu mwanzo. Ukilikataza wazo, lazima ulilinde mlango dhidi yake, na mlinzi wa mlango hawezi kumsahau anayemngoja. Hata mama anayemwambia mtoto asikohoe katikati ya mahubiri anajua kitakachofuata.

Kukubali ni nini, na dereva afanye nini

Neno «kukubali» linaweza kutudanganya. Katika Kiswahili chetu kukubali ni kusema ndiyo, kama mtu anavyosema amemkubali Yesu. Wanaofundisha tiba hii hawamwambii mwanafunzi aipende hofu, wala aseme kwamba ni kitu chema. Wanachosema kinakaribia zaidi kupokea. Mgeni usiyemwalika amefika jioni, mvua inanyesha. Humfukuzi, wala humpi kitanda chako. Unamwonyesha kiti, kisha unaendelea kupika ugali.

Mfano wanaoupenda zaidi ni wa basi, nasi tunauleta barabarani kwetu. Wewe ni dereva wa taksi-basi. Nyuma yako wamejaa abiria wenye kelele: «Utashindwa! Kifaransa chako ni cha kuchekesha! Ng'ombe wa baba yako ameuzwa bure! Geuza gari!» Unaweza kusimamisha gari na kwenda nyuma kupigana nao ili washuke. Hawashuki, na muda wote wa vita gari limesimama. Unaweza pia kufanya nao mapatano: wao wanyamaze, wewe ugeuze kila wanapotaka. Hapo utapata kimya kidogo, lakini basi si lako tena. Kijana anayerudi nyumbani kutoka mlango wa oditwari amefanya mapatano ya namna hiyo. Anapata nafuu njiani, moyo unatulia, na nafuu hiyo ndiyo inayomfundisha kurudi tena kesho. Njia ya tatu ni kushika usukani na kwenda unakokwenda, abiria wakiwa wanapiga kelele. Wanaweza kelele tu. Usukani hawana.

Basi linakwenda wapi? Hapo ndipo linakuja neno la pili, kujitoa. Tiba hii inatofautisha lengo na mwelekeo. Ukipanda boti Bukavu kwenda Goma, Goma ni lengo, utafika na kushuka. Kaskazini ni mwelekeo, hakuna bandari inayoitwa kaskazini. Kupata pointi 14 katika takwimu ni lengo. Kuwa muuguzi anayewatunza wajawazito kwa uaminifu ni mwelekeo, na hata aliyeanguka sesheni ya kwanza anaweza kuendelea nao siku hiyohiyo, kwa kukaa na jirani yake aliyejifungua juzi. Mwanafunzi ambaye maisha yake yote yamefungwa kwenye lengo moja, kila mtihani kwake ni hukumu ya mwisho. Wanasaikolojia hawa husema kila mtu ajichagulie mwelekeo wake. Sisi tunaamini kwamba tumeitwa na Mungu, na hapo hatutumii lugha moja nao. Lakini kumwuliza kijana «unataka kuishi kwa ajili ya nini?» ni swali ambalo mchungaji yeyote anapaswa kuliuliza, na mara nyingi halijaulizwa tangu katekisimu ya ubatizo.

Sasa mazoezi yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2020 kijitabu chenye picha kinachofuata tiba hii, nacho kinapatikana bila malipo, Kifaransa kikiwemo. Tuchukue yule mwanafunzi wa mlangoni. Anakanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, anasikia uzito wake. Anatoa pumzi polepole. Anatazama vitu vitano vilivyo mbele yake: ubao, dirisha, kiatu cha mwenzake, kalamu, ukuta. Anasikiliza sauti tatu. Kisha analiita wazo kwa jina lake. Hasemi «nitashindwa». Anasema moyoni: «Ninaona kwamba nina wazo linaloniambia nitashindwa.» Tofauti inaonekana ndogo, mpaka umeijaribu. Katika sentensi ya kwanza wazo ndilo linalosema. Katika ya pili wewe ndiye unayeliangalia wazo. Halafu anatafuta hofu iko wapi mwilini: kifuani? tumboni? Ni kubwa kama nini, ni ya baridi au ya moto? Anaiachia nafasi ikae hapo. Kisha anaingia.

Nje ya siku ya mtihani, hatua ziwe ndogo. Asome kurasa mbili kwa dakika ishirini, hofu ikiwa imekaa karibu naye, kisha apumzike. Siku ya Jumamosi, chuo kikiwa kimya, aende akae ndani ya oditwari tupu. Amwambie baba ukweli kuhusu mtihani uliokosekana. Hatua hii ya mwisho ni ndogo kwa maneno tu, na afadhali mtu mzima aende pamoja naye.

Kuna mtego mmoja ambao lazima tuuonyeshe. Wengi wakijifunza kupumua na kutazama vitu vitano hurudi wakisema: «Nimefanya yote, hofu haikuondoka, basi haifanyi kazi.» Wamechukua zoezi wakalifanya fimbo mpya ya kumfukuzia yule mgeni. Zoezi halikuwekwa ili hofu iondoke. Limewekwa ili miguu iweze kutembea. Mara nyingi hofu hupungua baadaye, lakini hupungua kama mtoto anayelia anavyonyamaza akiona hakuna anayekimbizana naye. Hata maombi yanaweza kugeuzwa fimbo ya namna hiyo, mwanafunzi akiomba kila dakika kumi ili apime kama hofu imetoka, na asisome chochote.

Maandiko yasema nini

Wengine watauliza kama hayo si mafundisho ya dunia. Tusome basi 1 Wakorintho sura ya 2. Paulo anawakumbusha Wakorintho alivyofika kwao: akiwa dhaifu, akiogopa, akitetemeka sana. Hakungoja kutetemeka kuishe ndipo aende Korintho. Alihubiri akitetemeka, na kanisa likazaliwa. Mwimbaji wa Zaburi ya 56 hasemi kwamba haogopi kamwe. Anasema atakachokifanya wakati anaogopa. Bwana wetu mwenyewe katika Gethsemane alihuzunika mpaka jasho lake likawa kama matone ya damu. Aliomba kikombe kiondolewe. Hakikuondolewa, naye akainuka na kwenda. Anayefundisha kwamba hofu ni alama ya kukosa imani, atuambie bustani ile ataiweka wapi.

Na Wafilipi sura ya 4, ambayo tunawasomea vijana hawa mara nyingi, ambapo mtume anatuonya tusisumbuke? Paulo aliandika akiwa kifungoni. Kwa ahadi ya amani ya Mungu kulinda mioyo yetu, Kigiriki kinatumia neno la askari wanaolinda mji. Askari hawapangwi mahali pasipo na hatari. Kwa hiyo amani hiyo inasimama zamu palepale ambapo adui bado yuko nje ya lango, na mwanafunzi anaweza kuwa nayo huku mapigo ya moyo yakiwa bado ya haraka.

Kuhusu kufunga na kutoa pepo, tutasema kifupi. Kijana ambaye moyo wake unadunda kabla ya mtihani wa takwimu hahitaji kupelekwa chumba cha maombi siku saba bila chakula. Njaa na kukesha huongeza kutetemeka, na hapo watu husema pepo amekasirika. Malaika aliyemkuta Eliya chini ya mti, akiwa amekata tamaa mpaka anaomba kufa, alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Maneno yalikuja baadaye.

Wapo pia wanaoogopa mazoezi ya pumzi, wakisema yametoka katika dini za mashariki. Ni kweli kwamba baadhi ya mbinu hizi zinafanana na tafakari za Wabuddha. Lakini hapa haombwi mtu kutoa akili yake nje wala kutaja jina la mungu yeyote. Anaombwa kuona miguu yake iko wapi. Anayetaka kuongeza jina la Yesu kwenye kila pumzi, aliongeze.

Lisilopaswa kukubaliwa

Hapa tunataka kukaa kidogo, maana neno «kukubali» likianguka katika mikono mibaya linaweza kuumiza. Katika vyuo vyetu kuna jambo ambalo wanafunzi wameliita kwa mzaha mchungu «pointi zinazoambukizwa kwa ngono»: mwalimu anayedai mwili wa msichana ili ampe pointi. Kuna pia wanaodai bahasha. Msichana anayetetemeka kwa sababu hiyo hofu yake inasema kweli, na hakuna zoezi la pumzi linalopaswa kumfundisha kukaa nayo kimya. Kinachopokewa katika tiba hii ni yanayopita ndani yetu: wazo, huzuni, kifua kilichobana. Udhalimu wa nje haupokewi. Kwa msichana huyo, kushika usukani maana yake ni kusema, na kazi ya kanisa ni kusimama karibu naye anaposema, hata kama mwalimu huyo anaketi kiti cha mbele Jumapili. Vivyo hivyo kuhusu vita. Kupokea huzuni ya nyumba iliyochomwa si kukubali kwamba nyumba zichomwe.

Je, inasaidia kweli? Tafiti nyingi zimefanywa na wanafunzi wa vyuo vikuu, baadhi kwa njia ya intaneti, kama zile za Michael Levin wa Utah State University huko Marekani. Zikiwekwa pamoja zinaonyesha wasiwasi unapungua, kwa kiasi kidogo hadi cha wastani, karibu sawa na tiba nyingine zinazojulikana. Hatuuzi muujiza.

Ushuhuda unaotuhusu zaidi uko kwa jirani, ingawa si wa wanafunzi. Kaskazini magharibi mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti uliotangazwa mwaka 2020. Waliopewa mafunzo haya walikutana mara tano katika vikundi vikubwa, wakasikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, wakiwa na kitabu cha picha. Waliowaongoza hawakuwa wanasaikolojia; walikuwa wanawake waliofunzwa kwa muda mfupi. Miezi mitatu baadaye mahangaiko yao yalikuwa yamepungua kuliko ya wale waliopewa mazungumzo mafupi tu. Tunaona hapo jambo kubwa kwa parokia zetu: haikuhitajika ofisi, wala diploma, wala umeme mwingi.

Parokia inayotaka kujaribu ianze hivi. Ichague watu wawili, mwanaume na mwanamke, wanaojua kusikiliza kuliko kuhubiri. Mara nyingi mama wa idara ya wanawake au mwalimu aliyestaafu anafaa kuliko mchungaji, kwa sababu vijana hawamwogopi. Wakisome kijitabu na wajifanyie mazoezi wenyewe kwanza kwa majuma kadhaa. Kisha wawaalike wanafunzi mara tano, saa moja na nusu kila mara, mwezi mmoja kabla ya sesheni na si juma lenyewe la mitihani. Mtu asilazimishwe kusimulia habari zake mbele ya wengine. Zoezi linafanyika bila kusimulia. Na yanayosemwa mle yasigeuke mifano ya mahubiri ya Jumapili inayofuata. Ikitokea mara moja tu, hakuna atakayerudi.

Kuna wale ambao kikundi hakitawatosha: asiyelala kwa majuma, anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, anayerudi kila usiku katika yale aliyoyaona vitani au aliyotendewa, anayesema afadhali kufa. Kwa huyu wa mwisho, mwongozi amwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumpandii wazo hilo, kunamfungulia mlango. Kisha asiachwe peke yake. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME, vyote vikiwa vya magonjwa ya akili. Hospitali ya Panzi, iliyo chini ya 8e CEPAC, inawatunza waliobakwa mwili na moyo. Kwingine tuanze na kituo cha afya cha karibu na kuuliza zoni ya afya inampeleka wapi mgonjwa wa namna hiyo. Parokia itafute pesa za usafiri, na mzee wa kanisa au mama mmoja aende pamoja na kijana, akae naye kwenye foleni mpaka jina lake liitwe.